Jinsi Bonde la Quillen Lilivyohamia kwa Tembo

Nilisema sitaisimulia tena, na nilimaanisha. Kila ukifika mwaka wa kumchagua rais, mtu hushuka kwenye gari safi pale kituo cha mafuta, kavaa buti ambazo bado zina harufu ya duka, anauliza swali lile lile. Kwa nini nyinyi watu wa kaunti ya Harkless mlikuwa mkimpa kura rais wa chama chenye nembo ya punda, baba kwa babu, na sasa mnampa wa chama chenye nembo ya tembo bila hata kufikiri? Jibu analo mfukoni tayari. Anachotafuta ni mzee mwenye meno mawili wa kumtamkia. Mimi meno yangu ninayo. Kalamu ndiyo siipendi, maana shule niliiacha mapema, na mkono wangu umezoea zaidi jembe na sufuria. Lakini mmenisumbua vya kutosha. Nitawaambia habari za Delphia Ratliff, na mtanyamaza mpaka nimalize.

Delphia alikuwa binti wa mchimba makaa ya mawe. Jikoni kwa mama yake kulitundikwa picha mbili juu ya jiko, ya Yesu na ya rais mmoja wa chama cha punda, yule aliyewaachia wachimbaji waunde chama chao cha wafanyakazi. Alipokuwa mdogo alidhani wale wawili ni ndugu. Baba yake, Esco, alikuwa na mkono uliopinda tangu siku walinzi wa kampuni walipouvunja kwa sababu ya kudai mshahara, na kwa mkono huo huo alimshika Delphia, alipofikisha umri, akampeleka mjini kwenye jengo la mahakama akamwandikisha kwenye daftari la wapiga kura wa punda. Walipotoka nje akamwambia, "Sasa na wewe ni mtu." Delphia hakuwahi kuambiwa neno kubwa kuliko hilo.

Hakuolewa. Ukimuuliza kwa nini, anakwambia wanaume wa bonde la Quillen aliwajua mno. Alipika katika jiko la shule mpaka miguu ikakataa, kisha akarudi kuishi na kaka yake Orbin katika nyumba ya baba yao, ng'ambo ya kijito. Orbin naye alikuwa amechimba makaa mpaka mapafu yakajaa vumbi. Alikuwa akipumua kwa mrija wa puani na mtungi wa oksijeni pembeni, na akicheka ilibidi ashike meza.

Sasa hiyo kura ya rais mnayoipenda sana. Migodi ilifungwa mmoja baada ya mwingine. Wagombea wa punda waliacha kuja huku, na wakisema habari zetu kwenye televisheni walisema kama mtu anayezungumzia mbwa mgonjwa wa jirani. Wa tembo alikuja. Alisimama uwanja wa maonyesho akasema makaa yatarudi. Makaa hayakurudi, na sisi si wajinga, wengi wetu tulijua hayatarudi siku ile ile aliposema. Lakini alikuja.

Delphia alipompigia kura mtu wa tembo kwa mara ya kwanza, alitoka banda la wazima moto, ndipo tunapopigia kura, akajiona kama aliyemwagia chumvi chai ya baba yake. Alipofika nyumbani akamdanganya Orbin kwamba amempigia wa punda. Orbin akaapa kwamba na yeye vivyo hivyo. Wakaishi na uongo huo uchaguzi mwingine mzima, mpaka siku moja wanamenya matufaha ya kukausha, televisheni inatangaza habari njema ya rais wa tembo, na Orbin akasahau akajipiga kofi gotini kwa furaha.

"Kaka," Delphia akasema, kisu kimesimama hewani, "ulimpigia nani kura?"

"Yule yule uliyempigia wewe."

"Mimi nilimpigia wa baba."

"Basi na mimi."

Delphia akakiweka kisu mezani.

"Orbin, wewe ni mwongo."

"Nilifundishwa na dada yangu mkubwa," akasema, akacheka hadi ikambidi ashike meza.

Hivyo ndivyo kaunti ilivyohama, kama mnataka kujua. Nyumba kwa nyumba, kila mtu akimficha mwenzake, na wote tukielekea mlango mmoja.

Lakini kwenye daftari hatukuhama, na hapa ndipo wageni wote wanapochanganyikiwa. Huku kwetu mwezi wa tano kuna kura ya mchujo. Kila chama kinachagua mtu wake wa kusimama Novemba, na kama jina lako halimo kwenye daftari la chama hicho, karatasi yake hupewi. Tangu zamani sherifu, mkuu wa polisi wetu, alikuwa punda, karani alikuwa punda, mkuu wa kaunti alikuwa punda, yule tunayemwita jaji ingawa kazi yake si kuhukumu bali kugawa kokoto na kujenga madaraja. Aliyeshinda mchujo wa punda alikuwa ameshashinda. Kwa hiyo Novemba unampa rais wa tembo kura yako, Mei unamchagua sherifu kwa daftari la punda, na hakuna aliyeona ajabu.

Kisha yakaja mafuriko. Kijito cha Quillen, ambacho kiangazi kuku anavuka bila kulowa tumbo, kilipanda kikachukua daraja la magari kama mtu anavyonyanyua kiti. Tukabaki na daraja la kupita kwa miguu, waya mbili na mbao, linaloyumba ukilipigia chafya. Gari la wagonjwa likija kwa Orbin linasimama upande wa barabara. Wanaume wanne wanambeba kwenye machela juu ya zile mbao, Delphia nyuma yao kakumbatia mtungi kama mtoto, na kila mara waya zikilia Orbin anafumba macho. Mara ya kwanza alitania akasema analipwa kupanda bembea uzeeni. Mara zilizofuata hakutania. Daktari alimwambia Delphia waziwazi kwamba safari moja ya namna hiyo, kwenye baridi, ndiyo itakayomuua.

Jaji wa zamani alipotangaza kustaafu, wawili walitaka kiti. Mmoja ni Wade Stamper, mwenye machimbo ya kokoto, aliyetaka fedha za madaraja ziende kwenye barabara ya kule juu mlimani, ambako alikuwa anauza viwanja kwa watu wa mjini. Wa pili ni Tressie Caudill, aliyewahi kuendesha basi la shule. Tressie alivuka zile mbao kwa miguu yake, akaingia jikoni kwa Delphia, akala kitumbua cha matufaha, akasema, "Shangazi, daraja la Quillen ndilo la kwanza. Nisipofanya hivyo njoo unitemee mate barabarani." Delphia akampenda hapo hapo.

Basi wote wawili, Stamper na Tressie, kabla ya Krismasi wakahamia daftari la tembo. Walikuwa wamepima upepo unavuma kuelekea wapi. Na sheria ya jimbo letu ni hii: anayetaka kubadilisha daftari abadilishe kabla mwaka haujaisha. Ukiingia mwaka mpya umechelewa, utakaa nje ya mchujo wa Mei.

Lurlene Fugate, ambaye husimamia meza siku ya kura na ni rafiki wa Delphia tangu utotoni, alivuka daraja kwenye theluji kuja kumwambia.

"Dada Delphia, vaa koti. Twende mjini tubadilishe."

"Tubadilishe nini, nepi?"

"Jina lako. Wote wawili wamekwenda kwa tembo. Mei hutapewa karatasi ya jaji."

"Mimi nimempa tembo kura yangu mara ngapi, Lurlene? Na leo wanasema hawanijui?"

"Kura ni siri, mpenzi. Daftari si siri. Hawakujui."

"Baba alinipeleka pale kwa mkono wake mbovu. Unataka niende nikamfute?"

"Baba yako amekufa. Orbin bado."

Delphia akanyanyuka akamfungulia mlango, na hiyo kwetu ni tusi zito kuliko kofi, maana mgeni hufunguliwa mlango baada ya kula. Lurlene akaondoka na njaa. Na kwa kuwa Delphia alikuwa Delphia, bonde zima likamtazama yeye. Kina Noble hawakubadilisha, kina Haddix hawakubadilisha, wajane wa juu ya mkondo hawakubadilisha. Kila mmoja alisema, kama binti Esco anabaki, nami nabaki. Wakajiona watu wenye msimamo.

Mei ikaja. Delphia alivaa gauni la kanisani. Banda la wazima moto lilikuwa limepangwa kama kawaida, magari yametolewa nje, meza ndani, harufu ya kahawa. Lurlene akampa karatasi ya punda bila kumtazama usoni. Delphia akaigeuza mbele na nyuma.

"Jaji yuko wapi?"

"Hayumo, dada."

"Niandikie basi hapa pembeni. Tressie Caudill."

"Haihesabiwi. Hiyo ni karatasi ya punda, na Tressie yuko kwa tembo."

"Nipe ya tembo."

"Siwezi."

"Mimi nimewachagulia marais, Lurlene. Nimewachagulia marais watu hawa, hawawezi kunipa karatasi ya daraja?"

Nyuma yake foleni ilikuwa ya watu wa Quillen peke yao. Mzee Noble akasema kwa sauti kubwa kwamba ameibiwa. Mama Haddix akasema hakuibiwa mtu, tumejifungia nje wenyewe na funguo tumezitupa ndani. Delphia alikunja ile karatasi tupu akairudisha mezani, akatoka.

Stamper alimshinda Tressie kwa tofauti ndogo ya kura, chache kuliko watu waliosimama kwenye foleni ile. Kila mtu alilijua hilo, na kila mtu alipoona Delphia anakuja dukani alianza kuzungumzia mvua. Heshima ya namna hiyo inauma kuliko kuzomewa. Jioni ya siku matokeo yalipotoka Delphia alimweleza Orbin yote, na Orbin hakumlaumu. Alisema tu, "Baba angebadilisha." Delphia akatoka akapasua kuni ambazo hazikuhitajika.

Oktoba kuna karamu ya maharage, pale pale banda la wazima moto, karibu na kijito. Hii tunayo tangu enzi za Esco. Wanawake wa Quillen wanapika maharage na kipande cha nyama ya nguruwe, mkate wa mahindi, vitunguu vibichi, na yeyote anayetaka kura Novemba lazima aje apokee bakuli kutoka mkononi mwa mwanamke mkubwa kwa umri kuliko wote. Asipokula kwetu hatumwamini, awe na mpinzani au asiwe naye. Stamper hakuwa na mpinzani. Punda hakusimamisha mtu, na Tressie, akiwa ameshindwa mchujo, sheria ilimzuia kusimama tena Novemba. Lakini Stamper alikuja, maana aliijua mila. Akaingia na kofia mkononi, akasimama mbele ya sufuria ya Delphia.

"Shangazi Delphia. Watu wangu wa Quillen. Nyinyi hapa ndio mliompa rais wetu kura nyingi kuliko bonde lolote la kaunti hii. Sitasahau."

"Rais hajawahi kuvuka kijito changu," Delphia akasema. Mwiko umesimama ndani ya sufuria.

"Daraja lipo kwenye mipango, shangazi."

"Bakuli lako lipo. Nimelipeleka kwa Orbin. Liko mezani pake, limefunikwa na sahani." Akainama, akatoa chini ya meza mtungi mmoja wa oksijeni, akauweka kati ya maharage na mkate. "Na huu ni wake. Ubebe unapokwenda kula."

Stamper akacheka kidogo, akatazama huku na huku kutafuta wa kucheka naye, akakosa. Akabeba mtungi. Watu wote wakatoka nyuma yake, mabakuli mkononi, mpaka ukingoni mwa kijito. Alipanda zile mbao kwa viatu vyake vya ngozi laini. Alipofika katikati upepo ulipita, waya zikalia, na mtu yule mkubwa akachuchumaa, akakumbatia mtungi, hakwenda mbele wala nyuma.

"Tembea, mwanangu," Mama Haddix akamwita. "Orbin huwa analala chali hapo."

"Maharage yanapoa, jaji," mwingine akasema.

Alirudi kwa kutambaa, goti kwa goti, kinyumenyume. Akauweka mtungi kwenye nyasi, akafuta suruali, akasema amekumbuka ana mkutano. Delphia aliuchukua mtungi, akavuka nao yeye, kwa umri ule, akala lile bakuli mwenyewe mbele ya kaka yake, huku machozi ya hasira yakimdondokea kwenye maharage.

Novemba Stamper akawa jaji kwa kuwa hapakuwa na mwingine.

Wiki ya Krismasi Delphia alimpigia simu Lurlene. Hakuomba msamaha, si mtu wa hivyo. Alisema, "Njoo ule." Lurlene akaja, akala, akafunguliwa mlango tumbo likiwa limejaa, na wakatoka pamoja. Ng'ambo walikuwa wanasubiriwa. Kina Noble, kina Haddix, wajane wote, injini za magari yao zikinguruma. Msafara ule uliingia mjini kama wa mazishi. Karani wa mahakamani, msichana mwenye kucha ndefu, alishangaa kuona mstari umefika hadi ngazi za nje.

"Bibi, unahamia kwa tembo?" akamuuliza Delphia, akitabasamu kama anayepokea mgeni kanisani.

"Sihamii kwa tembo. Nahamia kwenye daraja. Nionyeshe pa kutia sahihi na uache kuchekacheka."

Akatia sahihi. Alipotoka kwenye ngazi zile zile alizoshuka na Esco, alisimama kidogo, kisha akamwambia Lurlene amrudishe nyumbani haraka, Orbin yuko peke yake.

Januari iliganda. Zile mbao zikawa kioo. Mtu wa kuleta oksijeni alifika ukingoni akatazama, akaiacha mitungi kwenye theluji akaondoka, na vijana wa Haddix wakaivusha wakitambaa. Binti wa Orbin akasikia, akaja na gari kutoka Ohio, akalia jikoni, akasema baba yake hatakaa hapa siku nyingine. Orbin alikataa mpaka aliposhindwa kumaliza sentensi ya kukataa. Wakamfunga kwenye machela kwa mikanda. Delphia akabeba mtungi kwa mara ya mwisho, hatua kwa hatua nyuma ya kichwa chake.

"Dada," Orbin akamwambia wakiwa katikati, macho kayafumba, "usiiuze nyumba kwa Stamper."

"Fumba mdomo, pumua."

Hakufa. Anakaa ghorofani kule Ohio, mahali hakuna mti, na kila Jumapili kwenye simu anamuuliza Delphia kama korongo wamerudi kijitoni.

Aprili wakaja mafundi. Mtu alikuwa amemwonyesha Stamper daftari jipya la tembo, na majina ya Quillen yamejaa ukurasa kwa ukurasa, naye alijua mchujo ujao utaamuliwa na majina hayo. Likajengwa daraja la zege, pana, gari la wagonjwa na lori vinapishana. Stamper akakata utepe. Alimwalika Delphia ashike ncha moja ya utepe ule. Delphia alikuwa nyumbani, dirisha limefungwa, anakunja shuka za kitanda ambacho hakilaliwi. Hadi leo hajavuka juu ya zege lile. Anapita kwenye mbao.

Na kiangazi hicho hicho alishuka mwanamke mmoja wa chuo kikuu, buti mpya, akasema amesoma takwimu: bonde la Quillen limehama lote kwa pamoja, hata kwenye daftari, ni jambo kubwa, je, ni rais ndiye aliyewavuta? Delphia alimtazama mpaka yule mwanamke akaanza kukunja karatasi zake. Kisha Delphia akaingia ndani na kufunga mlango.

Ndiyo hiyo. Sasa zamu yako, wewe uliyesoma mpaka hapa bila kubeba kitu. Usiniletee tena swali la rais. Nenda kamtafute mtu anayegawa madaraja huko kwenu, uso kwa uso, umpe kitu kizito cha kubeba, umpitishe mahali mgonjwa wenu anapopitishwa. Kisha niandikie jina lake na alifika wapi kabla hajachuchumaa. Andika kwa herufi kubwa, macho yangu si mazuri.